Mdudu Haishi Kwenye Taarifa ya Hali ya Hewa

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita mbele ya mkutano wa wafuga nyuki, wakulima na walimu wa sayansi. Baadhi yenu mliniandikia kwamba mlikosa nafasi, wengine mlifika mlango umeshafungwa. Naiweka yote kama nilivyoisema, isipokuwa picha za ukutani, ambazo hata mle ukumbini jua la dirishani lilizifuta.

*

Mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu, wafuga nyuki, na nyinyi wanafunzi mliokaa kwenye ngazi kwa kukosa viti: itifaki imezingatiwa.

Kabla sijaanza niseme jambo moja. Mzee mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, nyuki wangu wametoka nje, wamening'inia kwenye mlango wa mzinga kama ndevu. Ndiyo wanataka kuhama?" Nikamwambia, mzee wangu, swali lako limeizidi hotuba yangu, naomba nilijibu mwisho. Mzee, nimekuona ulipokaa. Sijasahau.

Sasa na mimi nina swali. Ukisikia redioni kwamba leo joto litafika nyuzi 33, hizo nyuzi 33 zimepimwa wapi?

Mbona kimya?

Zimepimwa ndani ya kisanduku cheupe chenye mbavu za kupitisha upepo, kimesimamishwa juu ya miguu yake, usawa wa kifua cha mtu mzima au juu kidogo, kipimajoto kikiwa kivulini humo ndani. Ni utaratibu mzuri. Umewekwa hivyo duniani kote ili tuweze kulinganisha mahali na mahali, mwaka na mwaka. Lakini niambieni, ni mdudu gani anayeishi ndani ya kisanduku hicho? Labda buibui, na buibui kwa hesabu ya leo hayumo, maana ana miguu minane na sisi tunawazungumzia wenye sita.

Mdudu anaishi chini ya jani. Anaishi ndani ya ufa wa gome, au sentimita tano chini ya udongo, au upande wa jiwe ambao jua halijaufikia. Na huko hali ya hewa ni nyingine kabisa. Mchana ule redio inaposema 33, udongo mtupu unaopigwa na jua hupita 50 bila shida. Nenda hapo na kiganja chako, hutakiacha chini muda mrefu. Kisha tafuta mahali palipolala majani makavu kwa unene wa vidole vitatu, sukuma mkono chini yake. Umesogea hatua moja tu, lakini umehama nchi.

Nitakayoyasema yote yanazunguka hapo. Tukisikia joto limezidi, baridi imezidi, mvua imezidi au imekatika, tunauliza mdudu huyu anavumilia nyuzi ngapi. Mimi nataka tuulize alikuwa wapi. Alikuwa wapi jua lilipochoma, alikuwa wapi maji yalipopanda, na je, mahali alipopazoea bado papo?

Nianze na dundu. Samahani wazee, nitataja mavi, na nitayataja zaidi ya mara moja.

Mnamjua dundu anayeviringisha mavi. Hukata donge, hulifinyanga likawa mpira kumzidi yeye mwenyewe, halafu husimama kwa miguu ya mbele, kichwa chini, akausukuma kwa miguu ya nyuma huku akirudi kinyumenyume. Tena ana haraka, kwa sababu wenzake ni wezi. Akizubaa, mpira si wake. Lakini huyu huyu mwenye haraka, mchana wa jua kali, husimama ghafla, hupanda juu ya mpira, hukaa kidogo, hujipangusa uso, kisha hushuka akaendelea. Kwa nini apoteze muda?

Watafiti wa Sweden na Afrika Kusini walimfuatilia, na mwaka 2012 wakachapisha majibu. Ardhi ilipokuwa imechomeka kupita nyuzi 50, dundu alipanda mpira mara nyingi zaidi kuliko ilipokuwa imepoa. Walipomtazama kwa kamera inayoona joto, waliona miguu ya mbele, ile inayokanyaga mchanga, inapanda joto kwa kasi. Akipanda mpira, inapoa ndani ya sekunde chache. Mpira ni mavi mabichi. Una maji, maji yanakuwa mvuke, na mvuke ukitoka unaondoka na joto. Kisha wakafanya jambo ambalo kila nikilisimulia nacheka: wakamvisha viatu. Viatu vya silikoni, kwenye miguu ya mbele. Dundu mwenye viatu akapunguza kupanda mpira. Miguu haimchomi, apande kufanya nini?

Hana feni yule, hana jasho. Ana donge bichi la mavi na anajua lini alipande.

Mimi hili nililijifunza kwa aibu. Nilikuwa mwanafunzi, nimepewa viwavi thelathini na kitu niwalee kwa ajili ya mtihani wa vitendo. Nikawaweka kwenye boksi la plastiki linaloonyesha ndani, na matawi ya kula yamechomekwa kwenye kichupa cha maji, mdomo wa kichupa umezibwa kwa pamba. Nikaliweka kwenye meza ya dirishani. Kulikuwa na kivuli. Nikaenda kunywa chai. Jua, kama mjuavyo, halisubiri mtu amalize chai. Niliporudi viwavi walikuwa wamelala chini ya boksi, wamelegea kama mboga iliyochemshwa, na ukutani kwa ndani matone ya maji yao wenyewe. Nikaanza kuhesabu maiti. Watatu walikosekana. Nikawakuta wamejibana kwenye ile pamba yenye maji, kichwa ndani, wanapumua.

Boksi moja, dakika zile zile, jua lile lile. Watatu walipona kwa sababu ya pamba.

Mtihani nilifeli, kama kuna anayejiuliza.

Kwa nini joto linawamaliza upesi hivyo? Kwanza ni udogo. Sisi mwili wetu ni sufuria kubwa, unachukua muda kuchemka. Mdudu ni kijiko cha maji. Joto la mahali alipo ndilo joto lake, na ndani ya dakika moja au mbili analipata lote. Pili ni maji. Mdudu anapumua kwa matundu yaliyo ubavuni, na tundu likifunguliwa kuingiza hewa, unyevu nao unatoka. Ngozi yake imepakwa nta nyembamba inayozuia maji yasivuje. Joto likizidi sana nta hiyo hulegea, na hapo anavuja mwili mzima. Wengi wakifika mahali fulani kati ya nyuzi 40 na 50 miguu hukataa amri. Hajafa bado, lakini hawezi tena kutembea kwenda kivulini, na hicho ndicho kitamuua.

Kwa hiyo anakimbilia wapi? Mara nyingi chini ya jani. Na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hatulioni.

Jani bichi ni nyumba yenye kiyoyozi. Mmea unavuta maji kutoka mizizini, unayatoa kama mvuke kwa vitundu vidogo vilivyo kwenye jani, hasa upande wa chini, na mvuke huo unalipoza. Kiwavi aliyelala hapo chini amelala kwenye hewa ya ubaridi na unyevu ambayo mmea unaitengeneza kila dakika. Hakuijenga yeye, anaifaidi tu.

Sasa mvua ikatike. Mmea ukiona maji ya kuvuta hakuna, unafanya nini? Unafunga vile vitundu. Ni sawa na mtu kufunga bomba ili tangi lisikauke. Mmea umejiokoa. Lakini kiyoyozi kimezimwa. Jani lililo juani, lenye vitundu vilivyofungwa, linapanda joto hadi kuipita hewa inayolizunguka. Kiwavi yuko pale pale, chini ya jani lile lile ambalo jana lilikuwa kimbilio, na sasa linamchoma.

Mnaona ubaya wa joto na ukame kuja pamoja? Joto peke yake angelikwepa. Ukame peke yake angeuvumilia. Vikija pamoja, kile alichokuwa anakikimbilia ndicho kinachowaka. Na siku hizi vinakuja pamoja mara nyingi zaidi, kwa sababu ardhi ikishakauka hakuna maji ya kulipoza jua, na joto la mchana linazidi kupanda.

Basi atahama. Atashuka kwenye majani ya chini, ataingia ndani ya kichaka, au atafukua udongo. Vizuri, lakini kuhama kuna gharama. Saa anazokaa mafichoni ni saa ambazo hali chochote, hatafuti mwenza, hatagi. Nyuki anayefanya kazi alfajiri na jioni tu amepoteza mchana mzima wa maua. Tena huko kivulini hayuko peke yake. Chura yuko, mjusi yuko, siafu wako, wote wamekimbia jua hilo hilo, na wote wana njaa. Watu wakihesabu wadudu baada ya joto kali wanasema walikufa kwa joto. Inawezekana. Inawezekana pia waliliwa, wote wamesongamana kwenye kivuli kimoja.

Kuna na madhara ambayo hayaonekani kabisa. Mnamjua yule dudu mwekundu mdogo wa kwenye unga? Ni mdudu mgumu. Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, walimpitisha kwenye wimbi la joto la siku tano, nyuzi tano hadi saba juu ya kiwango anachokipenda, na wakachapisha waliyoyaona mwaka 2018. Madume walitoka wazima, wanatembea, wanakula. Ungewatazama ungesema joto halikuwafanya kitu. Lakini uwezo wao wa kuzalisha ulikuwa umepungua kwa nusu. Wakapigwa wimbi la pili, wakabaki karibu tasa. Hata mbegu zilizokuwa zimeshahifadhiwa ndani ya mwili wa jike ziliharibika.

Kwa hiyo siku ya joto hukuona maiti hata moja. Msimu unaofuata unashangaa wadudu wako wapi. Hawakuzaliwa.

Tuache joto. Nani hapa anadhani kwenye baridi mambo ni tofauti?

Mashariki na katikati ya Amerika Kaskazini kuna vipepeo wa rangi ya chungwa na nyeusi wanaoitwa monaki. Majira ya baridi yakikaribia huruka maelfu ya kilomita hadi milima ya katikati ya Mexico, na huko hujikusanya kwenye misitu michache ya miti aina ya oyameli, wakaning'inia kwa mamilioni hadi matawi yakainama. Kwa nini milimani, kwenye baridi? Kwa sababu ni baridi ya kiasi: inawatuliza wasichome mafuta waliyobeba mwilini, lakini chini ya ule msitu mzito haifiki ya kuwagandisha. Watafiti waliokaa nao miaka mingi wanasema msitu ule ni blanketi na mwavuli. Blanketi, kwa sababu matawi yanazuia joto la ardhi lisipotelee angani usiku. Mwavuli, kwa sababu yanazuia mvua.

Januari 2002 ikaja dhoruba. Kwanza mvua, siku kadhaa, vipepeo wakaloa. Kisha mbingu ikafunguka usiku, wingu hakuna, baridi ikashuka. Na hapa ndipo ule mwavuli unapokuwa na maana. Kipepeo mkavu anaweza kustahimili hadi karibu nyuzi 8 chini ya sifuri. Akiwa ameloa, karibu nyuzi 4 chini ya sifuri zinatosha kummaliza, kwa sababu maji yaliyo juu ya mwili yanaganda na barafu inaingia ndani. Kulipopambazuka walikuwa wamelala chini kwa tabaka. Kwenye makundi mawili makubwa yaliyopimwa, walikufa takriban robo tatu ya vipepeo wote.

Robo tatu, kwa siku chache. Na robo iliyobaki ilikuwa wapi? Watafiti hao wamepima pia usiku wa kawaida wa baridi, wakaona kwamba shina la mti mkubwa hubaki na joto la mchana kuliko hewa inayolizunguka, na aliyeshika shina yuko salama kuliko aliyeshika tawi. Shina likiwa nene zaidi, joto hudumu zaidi. Sasa fikirieni mtu anayeingia kwenye msitu ule na kusema, "Nakata miti mikubwa michache tu, msitu utabaki." Kweli msitu utabaki. Lakini umetoboa blanketi, umetoboa mwavuli, na umeondoka na mashina yaliyokuwa yanashika joto.

Maji nayo. Nyuki walio wengi duniani, kama wafuga nyuki mnavyojua ingawa huwa hamlitangazi, hawaishi kwenye mzinga. Zaidi ya nusu ya aina zote za nyuki huchimba udongo. Sasa mvua ya wiki inyeshe kwa saa mbili, wanafanyaje?

Huko Kanada, Chuo Kikuu cha Guelph, mtafiti Sabrina Rondeau alikuwa amehifadhi malkia wa nyuki wale wanene wenye manyoya, jamii ya Bombus, kwenye jokofu. Malkia hawa kipindi cha baridi hujizika udongoni peke yao, wakalala miezi. Siku moja akakuta maji yamejikusanya ndani ya vichupa vinne. Malkia wanne wamezama. Akadhani wamekufa. Akamwaga maji, na malkia wakaanza kusogea.

Mtu mwingine angefuta vichupa akanyamaza. Yeye akachukua malkia 143, akawagawa makundi, wengine akawazamisha kabisa kwa hadi siku saba. Matokeo yalichapishwa 2024: hata waliokaa chini ya maji siku saba, zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa hai wiki nane baadaye, karibu sawa na ambao hawakuguswa na maji.

Msikimbilie kupiga makofi. Malkia yule alikuwa amelala, yuko kwenye baridi, mwili unatumia hewa kidogo mno. Huyo huyo akiwa macho, kwenye joto, ana mayai na watoto wa kulisha ndani ya shimo, maji yakiingia hana siku saba. Gharika ile ile, mdudu yule yule, wakati tofauti.

Wengine hawasubiri maji yawakute. Kimbunga Harvey kilipoifurikisha Houston, huko Marekani, mwaka 2017, watu waliona vitu vya kahawia vinaelea juu ya maji kama mikeka. Walikuwa sisimizi wanaouma kama moto. Wanashikana miguu na meno, maelfu kwa maelfu, hewa inanaswa katikati yao, malkia na watoto wanabebwa. Nyumba imezama, wakaamua kuwa nyumba wao wenyewe. Nashauri msiuguse mkeka huo.

Halafu kuna yule ninayempenda kuliko wote. Kaskazini mwa Nigeria, juu ya miamba, kuna vidimbwi vya maji ya mvua vyenye kina cha sahani. Vinajaa, vinakauka, vinajaa, vinakauka. Ndani yake anaishi buu wa usubi asiyeuma. Jina lake la kitaalamu ni Polypedilum vanderplanki. Kidimbwi kikikauka, naye anakauka. Sisemi anajificha hadi mvua irudi. Anakauka kweli, anabaki na asilimia 3 hivi ya maji, amejikunja kama uzi uliosahauliwa, hapumui. Ukimdondoshea maji, ndani ya saa moja hivi anatembea. Kuna waliohifadhiwa wakavu miaka 17, wakaamka.

Siri yake ni sukari. Anapoanza kukauka mwili unatengeneza kwa wingi sukari iitwayo trehalosi, ambayo inashika nafasi ya maji na kuzilinda seli zisipasuke. Mnalijua hili walimu wa sayansi. Kinachosahauliwa ni kwamba sukari hiyo inachukua muda kutengenezwa, kama siku mbili. Ukimkausha haraka, anakufa kama mdudu mwingine yeyote. Na nani anamchelewesha asikauke haraka? Nyumba yake. Buu yule hujijengea kijibomba cha tope na mate, na kijibomba hicho ndicho kinachoshikilia unyevu hadi sukari itoshe. Bingwa wa dunia wa kuvumilia ukame anategemea kibanda cha tope. Mvueni kile kibanda, muweke juani, hana miaka 17.

Nimewasikitisha kwa upande mmoja tu, na mkulima pale nyuma ananitazama kama anayesema, mbona wadudu wangu hawafi? Ni kweli. Hali ya hewa iliyozidi haiwaui wote. Wengine inawafungulia mlango.

Mei 2018 kimbunga Mekunu kiliingia kusini mwa Uarabuni na kumwaga mvua kwenye Rub' al Khali, jangwa ambalo jina lake maana yake ni Robo Tupu. Mchanga uliokuwa mkavu kama majivu ukawa na vidimbwi. Nzige wa jangwani jike anataga kwa kuingiza mkia mchangani kina cha sentimita kumi na zaidi, na anahitaji mchanga wenye unyevu huko chini, la sivyo mayai hayaanguliki. Mekunu kiliwatengenezea kitalu kikubwa kuliko walivyowahi kuomba. Unyevu ulipoanza kuisha, Oktoba ile ile kikaja kimbunga Luban, kikamwagia tena. Vizazi vitatu vikazaliwa mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuwaona, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba idadi yao iliongezeka mara 8,000. Wakaingia Yemen, wakavuka hadi Pembe ya Afrika, na Desemba 2019 kimbunga kingine, Pawan, kikailowesha Somalia na kuwapa kitalu kipya. Kenya haikuwa imeona nzige kiasi kile kwa miaka 70. Kundi la kilomita moja ya mraba tu hula kwa siku chakula cha watu 35,000.

Ni unyevu mchangani, hakuna zaidi. Jangwa lilibadilika likawa makazi kwa miezi michache, na mdudu aliyekuwa tayari akalitumia.

Kwa hiyo tunaposema wadudu watapungua au wataongezeka, tunasema nusu ya habari. Anayehitaji mahali pamoja pasipobadilika, kama yule kipepeo na msitu wake, anaumia. Anayeweza kuruka kilomita mia kwa siku kufuata mvua, anakula.

Sasa niseme la moyoni. Mimi nina ugomvi na ufagio. Tunapenda ardhi iliyofagiwa hadi ing'ae. Majani makavu tunayachoma. Mti uliokufa ukisimama unatuudhi. Gogo linalooza, tunaliita uchafu. Tope pembeni ya shamba, tunafukia. Mwaka wa hali ya hewa ya kawaida huoni tofauti. Wadudu wanapita kivyao. Ukija mwaka wa joto lililozidi, ile ardhi iliyong'aa ina nyuzi 55 na hakuna hata pamba moja yenye maji. Mmoja wenu atasema, na wadudu waharibifu je, si watajificha humo humo? Watajificha. Sitawadanganya. Lakini nyigu anayewatagia mayai mwilini yuko humo pia, na siafu, na dundu wa ardhini anayekula viwavi usiku. Ukifagia unawafukuza wote, na wa kwanza kurudi ni yule anayezaa haraka, ambaye kwa kawaida ndiye unayemchukia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, mzee wangu wa ndevu.

Ndani ya mzinga, pale penye watoto, nyuki hutunza joto kati ya nyuzi 34 na 36. Nje kuwe 15, kuwe 40, pale katikati ni 34 hadi 36. Likipungua wanajibana na kutetemesha misuli ya mabawa. Likizidi, vibarua wanasimama mlangoni na ndani, wanapepea wakiwa wamesimama. Wengine wanakwenda kuchota maji, wanayapaka matone matone kwenye sega, na wale wa kupepea wanayageuza mvuke. Ni mpira wa mavi wa dundu, ni jani bichi la kiwavi, ila hawa wanaujenga wenyewe. Na nyuki ambaye hana kazi ndani kwa saa hiyo, mwili wake ni jiko la ziada linaloziba njia ya hewa. Anatoka nje, ananing'inia. Ndevu hizo, mzee, mara nyingi ni joto.

Watazame jua likishazama na kupoa. Wakirudi ndani, lilikuwa joto. Wakibaki nje hata kwenye ubaridi, na siku ya kukagua ukaona vikombe vya malkia kwenye kingo za sega, hapo kweli wanajiandaa kugawanyika. Lakini usiufungue mzinga mchana wa jua kali ili kuhakikisha. Utamwaga nje ubaridi walioutengeneza asubuhi nzima, na sega jipya lililojaa asali likilainika linaweza kukukatikia mkononi. Weka kivuli cha alasiri kwanza, hilo ndilo jua baya. Halafu maji. Wakati wa ukame chanzo kikiwa mbali, mchota maji anatumia asali nyingi njiani kuliko faida anayoleta, na mzinga unashindwa kujipoza huku maua yapo.

(Hapa mzee alisimama akauliza: maji niweke wapi, mlangoni?)

Hapana mzee, mlangoni utawavuruga. Sogea hatua ishirini au thelathini, kivulini, chombo cha mdomo mpana, na uyaweke kabla ya joto kuanza, maana wakishazoea kisima kingine ni kazi kuwahamisha. Usiyaache yakauke hata siku moja. Na ujaze mawe ndani, yatokeze juu ya maji, wapate pa kusimama wasizame.

Asanteni kwa kunisikiliza.